Gari Iliyozama Ufuoni: Matumizi ya Winchi Kabla Maji Hayajarudi

Kwa wakaazi wa mwambao wa mashariki, kuanzia Chwaka na Marumbi hadi Uroa na Pongwe, ufuo si mahali pa kupunga upepo tu, bali ni uwanja wa kazi. Hapo hushuka gari zinazobeba magunia ya mwani, gari zinazofuata samaki dikoni, zinazopeleka mbao kwa mafundi wa vyombo, na siku za sikukuu gari za wageni wasiojua mchanga upi hubeba na upi humeza. Gari ikizama hapo, shida yake hailingani na ya ile iliyokwama katika tope la masika kule mashamba. Ya mashamba yaweza kusubiri hadi kesho. Ya ufuoni ina saa chache.

Saa hizo zinahesabika, na wavuvi wetu huzihesabu bila ya kitabu. Siku za bamvu, yaani zile za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo, maji ya pwani hii hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na tofauti baina ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Lakini maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huja kidogo, kiasi cha kumhadaa dereva kwamba nafasi bado ipo. Kisha katika saa ya tatu na ya nne, baina ya saa sita na saa nane mchana, hupanda takriban nusu ya kina chote. Hapo ni kama sentimita 16 kwa kila dakika 10. Mwenye gari anayeanza kutafuta msaada baada ya adhuhuri, ilhali imezama tangu saa nne na nusu, amekwisha chelewa. Siku za maji mafu mwendo huwa wa pole zaidi, ila bahari hurudi vilevile.

Jambo la kwanza, kabla ya kuitazama winchi, ni kuacha kukanyaga mafuta. Gurudumu linalozunguka papo kwa papo huchimba shimo lake lenyewe, na baada ya dakika chache gari huwa imekalia tumbo. Mafundi wa uokozi wa magari hukadiria hivi: gari iliyozama hadi katikati ya gurudumu huhitaji mvuto unaolingana na uzito wake wote, ikizama hadi bodi, mvuto hufika mara mbili ya uzito huo. Basi gari ya tani 2 na nusu yaweza kudai mvuto wa tani 5, na winchi nyingi zinazofungwa mbele ya gari za aina hiyo huvuta baina ya tani 4 na tani 5 na nusu, zikiwa nzima na zimetumiwa sawasawa. Ndiyo maana beleshi hutangulia winchi. Ondoeni mchanga mbele ya magurudumu yote manne, mteremshe njia yake kama mlalo badala ya kuacha ukingo uliosimama, na muhakikishe kuwa mchanga chini ya tumbo la gari umetoka. Kisha punguzeni upepo wa tairi hadi pauni 15 au 18. Tairi iliyolegea hupanuka na kukanyaga eneo kubwa zaidi, kama unyayo wa ngamia. Mara nyingi kazi hiyo ya nusu saa huitoa gari bila ya winchi kuguswa.

Isipotoka, winchi ina zamu yake. Winchi ni ngoma ya chuma inayozungushwa na mota ya umeme, ikiviringa waya au kamba ya sintetiki. Watu wengi hawajui kwamba nguvu yake haiko sawa wakati wote: huwa kubwa kabisa waya unapokuwa umekunjuliwa karibu wote, na hupungua kwa kila tabaka linaloongezeka juu ya ngoma. Kwa hiyo nanga ya mbali ina faida kuliko ya karibu. Hata hivyo, mizunguko isiyopungua 5 lazima ibaki juu ya ngoma, kwani pasipo hiyo waya huchomoka mwishoni. Mota hii hunywa umeme mwingi mno, kwa hiyo injini iachwe ikiwaka, na kila baada ya dakika moja hivi ya kuvuta winchi ipumzishwe.

Waya utafungwa wapi? Hapa ndipo ufuo unapotofautiana na msitu. Wengi hukimbilia mnazi ulio karibu. Waya mtupu ukikaza juu ya mnazi huukata, na mnazi hauna gamba linaloota tena kama la mwembe. Jeraha lake halifungi hata siku moja, na mti wa watu huanza kufa kwa ajili ya gari ya mtu mmoja. Ikiwa hapana budi, ombeni ruhusa ya mwenyewe, tumieni mkanda mpana wa kitambaa uliozungushwa chini kabisa karibu na ardhi, na waya ushikane na mkanda huo. Jabali nalo hushika vyema, lakini kingo zake hukata kamba kama wembe, hivyo wekeni gunia katikati.

Pasipokuwa na mti wala jabali, nanga huzikwa. Chimbeni handaki refu la kina cha mita moja, likikingama na njia ya mvuto, na humo mlaze tairi la akiba au gogo nene lililofungwa mkanda katikati. Kateni mfereji mwembamba wa kupitishia mkanda kuelekea gari, ili mvuto uwe wa chini na si wa kuing'oa nanga juu. Kisha fukieni na kushindilia kwa miguu. Ni kazi nzito, na vijana wanne wenye mabeleshi huimaliza kwa wakati ambao mtu mmoja hangeianza.

Aliyewahi kusafiri na jahazi ataifahamu mara moja kazi ya kapi. Gofia na abedari ndizo zinazowawezesha mabaharia wachache kupandisha foromali nzito. Waya ukipitishwa katika kapi lililofungwa kwenye nanga na kurudishwa kwenye gari yenyewe, mvuto huongezeka karibu mara mbili, na mwendo hupungua kwa nusu. Lakini mzigo wote huo huiangukia nanga: waya ukivuta tani 3, nanga hubeba tani 6. Mnazi au gogo lililotosha bila ya kapi huenda lisitoshe tena.

Halafu watazamaji. Gari ikizama Uroa watoto hufika kabla ya beleshi. Waya wa chuma uliokazwa huhifadhi nguvu, na ukikatika hurudi kwa kasi isiyomruhusu mtu kukwepa. Waweza kukata mguu au kuua. Kila mtu asimame kando, mbali kuliko urefu wa waya uliokunjuliwa, na asiwepo yeyote mbele wala nyuma ya mstari wake. Haruki mtu waya uliokaza, hata ukiwa chini. Katikati yake pawekwe blanketi zito au turubai lililorowa, ambalo huudidimiza chini ukikatika. Anayeushika avae glavu za ngozi. Kulabu isitiwe kwenye kitufe cha kuvutia trela, kwa sababu hicho hung'oka na kuruka kama risasi. Itiwe kwenye pete iliyofungwa katika fremu ya gari. Na amri zitoke kwa mtu mmoja. Wingi wa manahodha katika kazi hii ni hatari kuliko upungufu wa watu.

Wakati wachimbaji wakiendelea, mmoja ampelekee habari sheha na Bwana Diko, ambao wanajua nani ana trekta, nani ana kapi, na ni wapi kuna mashamba ya mwani yasiyopaswa kukanyagwa. Maji yakifika magurudumuni na gari haijasogea, kazi isimamishwe na watu watoke. Ondoeni nyaya za betri, fungeni vizuri kifuniko cha tangi la mafuta, ifungeni gari kwenye nanga ile ile mliyoichimba, na juu yake msimamishe mti mrefu wenye kitambaa chekundu, maana usiku mashua na ngalawa zitapita hapo.

Ikitoka salama, ioshwe siku hiyo hiyo kwa maji baridi, hasa chini na ndani ya breki. Waya nao uoshwe, ukaushwe na ukaguliwe kabla ya kuviringwa. Wenye nyuzi zilizokatika hautumiwi tena. Mashimo yote yafukiwe kabla ya kuondoka, kwa sababu alfajiri ng'ombe wa gari na kina mama wanaokwenda mwanini hupita njia ile ile.