Lubumbashi: umeme unakuja usiku, wakaaji wanautunza ndani ya maji na barafu

Saa tano za usiku zikipita, taa iliyosahauliwa kwenye ukumbi inawaka yenyewe, frijideri inaanza kunguruma, na nyumba nzima inaamka. Mmoja anaweka maharagi kwenye resho. Mwingine anatandika blanketi juu ya meza na kupiga pasi shati nyeupe na suruali ya bluu ya masomo. Simu zote za nyumba zinapangwa mahali pamoja kwenye mulitiprize. Mwenye pompa anakimbilia kisima kujaza matangi kabla jirani hajawasha yake na nguvu kushuka. Katika kartie nyingi za Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi, kazi za nyumbani zimehamia usiku juu ya delestaji: umeme unapotea mchana au jioni, unarudi wakati watu wamekwisha kulala, na kabla ya mapambazuko unaweza kuwa umekwenda tena.

Sababu yake haifichiki. Jioni kila nyumba inawasha resho na taa saa ileile, na migodi haipumziki. Usiku wa manane mji unalala, mzigo unapungua, na laini iliyokatwa inaweza kurudishwa. Shida ya mama wa nyumba ni kwamba haja zake hazikuhamia usiku pamoja na umeme. Maji ya moto anayahitaji saa kumi na moja za asubuhi, chakula saa sita za mchana, na samaki wake wanapaswa kubaki na baridi mpaka jioni.

Katika mwezi wa sita na wa saba jambo hilo linauma zaidi. Lubumbashi iko kwenye urefu wa karibu metre 1,200 juu ya bahari, na katika usiku wa kiangazi baridi inashuka chini ya digri 10. Mgeni kutoka Kinshasa hushangaa kuona watu wamevaa makoti mazito wakingoja basi. Kumwosha mtoto kwa maji ya bomba asubuhi kama hiyo ni kumwonea tu.

Watu wa Ulaya walikutana na shida inayofanana na hiyo, lakini kutoka upande mwingine. Kwao umeme wa usiku ulikuwa mwingi kupita watumiaji, kwa maana mitambo mikubwa haizimwi ovyo. Kuanzia miaka ya 1960, nyumba nyingi za Uingereza na Ujerumani ziliwekewa hita za matofali: sanduku la chuma, ndani yake matofali mazito na nyaya za kupasha moto. Usiku, wakati bei iko chini, nyaya zinapasha matofali mpaka digri 600 au zaidi. Mchana umeme unazimwa, na matofali yanatoa joto polepole mpaka jioni. Mwaka 1978 Uingereza ilitangaza bei maalumu kwa ajili ya kazi hiyo, ikaitwa Economy 7, yaani muda wa saa 7 kila usiku wa umeme wa bei ya chini.

Leo wengi huko wanazing'oa hita hizo na kuziuza kwa bei ndogo, au kuzitoa bure kwa yeyote atakayekuja na gari. Huku kwetu, mahali ambapo kila kitu cha okazyo kinapata mnunuzi, swali linakuja lenyewe: je, hita ya namna hiyo ingefaa Lubumbashi?

Kwa hesabu tupu, ingefaa. Kilo 100 za matofali yale, yakipashwa kutoka digri 100 mpaka 600, yanatunza karibu kilowati-saa 12 za joto. Betri ya gari ya volti 12 na ampere-saa 100, ikiwa mpya na imejaa kabisa, ina kilowati-saa 1.2 tu, na ukiimaliza yote mara nyingi inakufa. Hita moja ni sawa na betri kumi, bila asidi na bila onduleri.

Lakini hita inayovuta wati 3,000 usiku kucha inataka waya mnene na laini imara, vitu ambavyo nyumba nyingi za hapa hazina. Mbaya zaidi ni umri wake. Hita za zamani, hasa zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1970, nyingine zina amianti ndani ya kuta zake. Vumbi la amianti likiingia kwenye mapafu linaweza kuleta kansa baada ya miaka mingi, na hita hizo zinasukuma hewa. Fundi anayeifungua uani kwa bisibisi, watoto wakitazama, anaweza kuacha kwa familia kitu kibaya kuliko baridi. Bure ya namna hiyo ni afadhali ibaki Ulaya.

Tena, kazi ya matofali yale inaweza kufanywa na kitu ambacho kila nyumba inacho tayari. Sufuria ya lita 20, maji yake yakipashwa kutoka digri 20 mpaka 90, imebeba kilowati-saa 1.6. Ndiyo kusema sufuria ya maji ya moto imetunza nguvu kuliko ile betri ya gari. Haiwezi kuwasha taa, ni kweli, lakini kama haja yenyewe ni joto, hakuna sababu ya kulipitisha kwenye betri. Resho ya wati 1,000 inaifanya kazi hiyo kwa muda wa karibu saa mbili, volti zikiwa nzuri. Sufuria ikifunikwa vizuri, ikazungushiwa blanketi kuukuu na kuwekwa ndani ya katoni, asubuhi maji yake bado yanataka kuchanganywa na ya baridi kabla ya mtu kuoga. Iwekwe tu chini, kwenye kona, mbali na mlango wa watoto.

Maharagi yanakubali njia hiyohiyo. Kwa urefu wa Lubumbashi, maji yanachemka kwenye digri 96 hivi, si 100, ndiyo maana chakula kigumu kinachelewa kuiva kuliko Kinshasa au Matadi. Maharagi yaliyolowekwa tangu mchana yakichemka kwa nguvu nusu saa, yanaweza kuondolewa kwenye resho pamoja na maji yake, yakafunikwa na kufungwa ndani ya blanketi mpaka asubuhi. Yanaendelea kuiva yenyewe. Kile kisichoruhusiwa ni kuyafunga kabla hayajachemka sawasawa: maharagi mekundu yaliyopata joto dogo tu yana sumu ya kutapisha. Asubuhi yachemshwe tena kidogo, na mchana kinachobaki ni kusonga bukari tu.

Hapo ndipo faida inaonekana. Nyumba nyingi zisizo na konteri zinalipa faktire ya bei ya jumla, umeme uje saa mbili au saa kumi. Kwa hao, usiku unaopita bila kutumiwa wamekwisha kuulipia. Wenye Cash Power wanahesabu kila kilowati-saa. Kwao umeme wa usiku una thamani pale tu unapookoa mfuko wa makala. Na makala yanazidi kutoka mbali. Miti ya miombo karibu na mji imekwisha kukatwa, na wanaosukuma baiskeli zenye mifuko mitatu au minne kwenye barabara za Likasi, Kipushi na Kasenga wanaanza safari yao ndani kabisa ya pori. Kila kilometre iliyoongezeka inaingia kwenye bei ya sokoni.

Makala yana deni lingine ambalo halionekani sokoni. Usiku wa baridi, familia inaingiza mbabula ndani ya chumba cha kulala, inafunga mlango na dirisha, na kuzibisha kitambaa chini ya mlango. Makala mekundu yasiyotoa moshi yanatoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Anayeivuta anasikia kichwa kuuma na usingizi mzito, na asipotolewa nje haraka anaweza asiamke. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa ndani ya taulo inapasha kitanda bila hatari hiyo, na maji yake yametoka kwenye ile sufuria ya saa tano.

Kwenye baridi, kitunzaji ni konjelateri. Nyingi zinazouzwa mjini ni za okazyo, zimepita Kasumbalesa ndani ya kontena, na wauzaji wa maji ya sashe, samaki na kuku wanaishi juu yake. Siri yake ni kutoiacha tupu. Konjelateri iliyojaa na isiyofunguliwa inaweza kushika baridi siku mbili. Iliyojaa nusu, siku moja hivi. Anayeuza kidogo anaweza kujaza nafasi iliyobaki kwa chupa za maji. Chupa 20 za lita moja na nusu zikiganda zote zinabeba karibu kilowati-saa 3 za baridi. Haziwezi kuganda kwa usiku mmoja, itachukua siku kadhaa, lakini zikishaganda zinalinda samaki mchana mzima. Ikiwa imewekwa penye jua au imebanwa ukutani, hesabu hiyo yote inaharibika.

Wakati wa kununua, wengi wanatazama rangi na ukubwa. Afadhali kutazama mpira wa mlango: karatasi ikibanwa na mlango na kuvutika bila kukaza, baridi itatoka hapo kila saa. Pia kuna bamba dogo nyuma ya mashine. Zikiandikwa herufi R600a, gesi yake inashika moto, na fundi asiyejua jambo hilo asiisogelee na mwali wa kuchomelea.

Volti nazo zinatofautisha mashine. Resho au mtungi wa kupashia maji, umeme ukishuka kutoka volti 220 mpaka 160, unabaki na karibu nusu ya nguvu yake, hivyo unachelewa tu. Mota ya konjelateri, ikishindwa kuzunguka kwa volti hizo, inapata moto na kuungua. Kwa hiyo regilateri inunuliwe kwanza kwa ajili ya konjelateri, televizyo ifuate. Umeme ukirudi, ngoja dakika tano kabla ya kuichomeka. Mara nyingi ni dakika hizo za mwanzo, volti zikiruka, zinazoua mashine.

Nyumba za zamani za kampuni, na nyingine mpya, zina mtungi wa maji ya moto ukutani. Huo ndio ndugu halisi wa hita ya matofali. Wa lita 100, kutoka digri 20 mpaka 60, unahitaji kilowati-saa 4.7: kwa wati 2,000 ni muda wa saa mbili na dakika 20, na volti zikiwa mbovu, zaidi ya saa nne. Ukivikwa godoro kuukuu, joto linafika mpaka jioni ya siku inayofuata. Adui yake hapa ni bomba kavu. Maji ya REGIDESO yakiwa yamekatika na mtungi uko tupu, umeme ukirudi usiku watu wamelala, chuma cha ndani kinaungua. Wenye mtungi wanazoea kufungua bomba la moto kwanza. Lisipotoa maji, swichi haiguswi. Na vali ndogo inayodondosha matone chini ya mtungi isizibwe kamwe, hata ikilowesha ukuta. Ikizibwa, mtungi unaweza kupasuka kama bomu.

Kuna jambo moja ambalo nyumba peke yake haiwezi kulitatua. Kartie nzima ikiwasha resho, pasi na pompa dakika ileile umeme unaporudi, kabini inazidiwa. Fizi inakatika, au transfoma yenyewe inaungua, kiisha wakaaji wanaanza kuchanga pesa mlango kwa mlango. Njia inayobaki ni kupeana zamu: pompa kwanza, resho saa moja baadaye, mtungi wa maji mwisho kabisa, katika saa za karibu na alfajiri. Ndani ya nyumba pia, resho na pasi zisikutane kwenye waya mmoja mwembamba. Wati 3,000 kwa volti 220 ni karibu ampere 14, na mulitiprize ya bei ya chini inaanza kulainika kabla ya kufika hapo.

Yote haya yanatokea katika mkoa uliojengewa mabwawa mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ulianza mwaka 1930, na Koni, Nzilo na Nseke zikafuata katika miaka ya 1950. Union Minière iliyajenga kwa ajili ya shaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 laini kubwa ya karibu kilometre 1,700 ikaleta umeme wa Inga mpaka Kolwezi, nao ulikuja kwa ajili ya shaba, ukipita juu ya vijiji ambavyo mpaka leo vinawasha vibatari. Mwadingusha ulipotengenezwa upya na kurudi kwenye mtandao mwaka 2021, ukiwa na megawati 78, pesa zilitoka upande wa kampuni ya mgodi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo ilikuwa na mwenyewe kabla haijazalishwa. Katuba inapata kinachobaki wakati kinapobaki.

Kwa hiyo mtungi unavikwa godoro, chupa zinapangwa ndani ya konjelateri, na sufuria inasubiri juu ya resho iliyozimwa, imejaa maji tangu jioni, swichi imeelekezwa chini. Anayelala karibu nayo ndiye atakayesikia frijideri ikinguruma kwanza.