Uganda: Simulizi ya mkopaji hufungua mifuko, lakini nani hubeba hasara?

Mwezi Aprili 2005, picha na maelezo mafupi ya wafanyabiashara wadogo saba wa Tororo, mji wa mashariki mwa Uganda ulio karibu na mpaka wa Kenya, viliwekwa kwenye intaneti. Kila mmoja alielezwa biashara yake na kiasi alichohitaji. Kwa pamoja walihitaji dola 3,500 za Marekani. Hawakuomba sadaka, bali mkopo.

Waliotoa fedha hizo hawakuwa wenye mabenki. Walikuwa ndugu na marafiki wa wanandoa wawili Wamarekani, Matt Flannery na Jessica Jackley, walioandikiwa barua pepe kwa kutumia orodha ya waalikwa wa harusi yao. Fedha zilipatikana kwa siku chache, na kabla ya mwaka kwisha mikopo yote ilikuwa imerejeshwa. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Kiva, taasisi isiyotafuta faida yenye makao yake San Francisco, ambayo tangu wakati huo imepitisha mikopo ya zaidi ya dola bilioni 2 duniani. Taasisi hiyo inaeleza kuwa jina lake ni neno la Kiswahili lenye maana ya umoja au mapatano. Huenda wale wasemao "haziivi" kuhusu watu wasiopatana wakakisia asili yake.

Kati ya sadaka na biashara

Kwa desturi, mhisani hutoa na hategemei kurudishiwa, ilhali mwekezaji hutoa akitarajia faida. Mwaka 2007, katika mkutano ulioitishwa na Wakfu wa Rockefeller mjini Bellagio, Italia, njia ya tatu ilipewa jina lake la sasa: uwekezaji unaolenga kuleta mabadiliko katika jamii huku ukirejesha mtaji.

Kiva ipo karibu zaidi na uhisani. Mtu huanza kwa kukopesha dola 25, na mkopo ukilipwa hurejeshewa fedha zake bila riba. Ikiwa mkopaji atashindwa kulipa, mkopeshaji anaweza kupoteza fedha zake. Kinachomvuta ni simulizi: uso, jina, na maelezo ya namna muuza samaki atakavyoongeza mtaji wake.

Picha na mwendo wa fedha

Oktoba 2009, mtafiti David Roodman wa Kituo cha Maendeleo ya Ulimwengu mjini Washington alionyesha kuwa picha na mwendo wa fedha havikwenda pamoja. Mara nyingi mkopaji alikuwa amekwishapewa mkopo na taasisi ya fedha ya nchini mwake kabla picha yake haijaonekana kwenye intaneti. Dola 25 za mgeni zilikwenda kuziba pengo katika hazina ya taasisi hiyo. Aidha, mkopaji aliilipa taasisi hiyo riba, kwa kuwa kumfikia mteja wa kijijini kwa mkopo mdogo kuna gharama kubwa. Kiva ililazimika kubadili maelezo yake ili yaeleweke vizuri zaidi.

Wengi waliona kwamba wamedanganywa. Hata hivyo, utaratibu huo una upande wake wa pili. Utafiti wa wanauchumi uliochapishwa mwaka 2015, uliochunguza picha za wakopaji wa Kiva, ulibaini kuwa wakopeshaji waliwapendelea wenye sura za kuvutia, wenye ngozi ya maji ya kunde kuliko nyeusi, na wasio wanene. Iwapo kila mkopo ungesubiri uamuzi wa mtazama picha, mwanamke mnene na mweusi wa Tororo angesubiri zaidi ya mwenzake, ingawa biashara zao ni sawa. Kwa kutoa fedha mapema, taasisi za kijijini zilimkinga, kwa kiasi fulani, dhidi ya jicho la mgeni.

Hapo ndipo udhaifu wa simulizi unapoonekana. Huleta fedha ambazo takwimu pekee haziwezi kuleta, lakini haifai kuwa mizani ya kuamua nani asaidiwe. Wala haithibitishi kwamba msaada umefanikiwa. Mwaka huo huo wa 2015, tafiti sita zilizofanywa katika nchi sita, Ethiopia ikiwemo, zilionyesha kuwa mikopo midogo huwapa watu uhuru zaidi wa kupanga mambo yao, lakini kwa kawaida haiwatoi kwenye umaskini.

Kipimo badala ya picha

Kabla ya kuanzisha Kiva, Jackley alifanya kazi Afrika Mashariki na shirika liitwalo Village Enterprise. Shirika hilo halikopeshi. Huwakusanya watu maskini watatu watatu, huwapa mafunzo na ruzuku ya kuanzisha biashara, kisha huwaunganisha katika vikundi vya kuweka akiba, vinavyofanana kwa kiasi fulani na VICOBA vya Tanzania.

Mwaka 2017 shirika hilo lilianza kutekeleza hatifungani ya maendeleo nchini Kenya na Uganda, yenye thamani ya dola milioni 5.28. Wawekezaji walitanguliza mtaji wa kazi. Wafadhili, wakiwemo mashirika ya misaada ya Marekani, USAID, na ya Uingereza, DFID, waliahidi kulipa endapo tu hali ya kaya ingeboreka. Kampuni huru ya utafiti ililinganisha vijiji vilivyofikiwa na vingine ambavyo havikufikiwa, vyote vikiwa vimechaguliwa kwa bahati nasibu. Matokeo yaliyotolewa baada ya mradi kumalizika yalionyesha kuwa matumizi na mali za kaya zilizoshiriki zilikuwa zimeongezeka.

Tofauti ya msingi ipo katika kubeba hasara. Mkopaji biashara yake inapokufa, deni hubaki juu yake. Katika hatifungani, kijiji kisipopata nafuu, anayepoteza ni mwekezaji.

Nani atalipia kipimo?

Hata hivyo, upimaji wa namna hiyo ni ghali na huhitaji mlipaji wa kudumu. DFID iliunganishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza mwaka 2020, na USAID ilikoma kuendesha programu za misaada mwezi Julai 2025. Taasisi hizo mbili zilizokubali kulipia matokeo zimetoweka katika muda wa miaka mitano.

Fedha za umma zikipungua, mashirika yatarudi kutegemea zaidi mifuko ya watu binafsi, na mifuko hiyo hufunguliwa na simulizi. Kwa muuza samaki wa Tororo, maana yake ni kwamba picha yake itatafutwa zaidi kuliko hapo awali. Kabla ya kukubali kupigwa, ana haki ya kuuliza fedha zitapita wapi, riba ni kiasi gani, na biashara ikianguka, nani atalipa.