Gari Likigoma Baada ya Kulala: Tulisikilize Kabla ya Kulifungua

Wako watu wanaosema kuwa gari ni chuma tu, halina ulimi. Mimi baada ya kukaa siku nane katika vilima vya Boito nimerudi na itikadi nyingine. Gari lina ulimi, na asubuhi ndipo lisemapo zaidi. Lililolala usiku kucha uani, au lililokaa juma zima chini ya mwembe, likikataa kuwaka huwa limekwisha kutueleza maradhi yake. Kasoro ni yetu sisi, tunaokimbilia dukani kununua betri kabla ya kusikia lilivyosema.

Boito iko katika Kaunti ya Bomet, upande wa Konoin. Zamani sehemu zile zilihesabiwa kuwa ni Wilaya ya Kericho, na hata leo mtu wa pwani akitaja Kericho huwa anakusudia vilima vyote vile vya chai. Nchi hiyo iko kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Alfajiri ukitoka kutia udhu, maji yanakukata mikono, na ukungu umefunika majani hata mti wa pili huuoni. Hewa nayo ni nyepesi. Uzito wake ni kama sehemu nne kwa tano za hewa tunayovuta Mombasa au Lamu. Kwa mwanadamu jambo hilo ni pumzi fupi mlimani. Kwa injini ni kuanza kazi asubuhi na chakula pungufu.

Na huko gari si pambo. Makampuni makubwa yalianza kupanda chai katika miaka ya 1920, na wakulima wadogo wakapata nafasi yao hasa baada ya kuundwa Mamlaka ya Ustawi wa Chai ya Kenya mwaka 1964. Jani la chai likisha kuchumwa halingoji mtu. Lataka kufika kiwandani siku ile ile, la sivyo hupata moto ndani ya gunia likaharibika. Maziwa hayangoji. Mgonjwa hangoji. Mwenye pikapu kijijini ndiye dereva wa wote, apende asipende.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa Kikipsigis, mwenye shamba la chai, ng'ombe watano na pikapu ya dizeli iliyokula chumvi nyingi. Tulipokwisha kuamkiana, yeye "Chamgei" na mimi nikajitahidi kuitika, akanikaribisha kwa mursik katika kibuyu. Nikiwa nakunywa niliona jambo. Pikapu yake ilikuwa imeegeshwa juu ya mteremko, pua ikitazama bondeni. Na kila boma nililopita njiani nilikuwa nimeona magari yamelazwa hivyo hivyo.

"Mzee," nikamuuliza, "mbona magari ya huku yote yatazama chini?"

Akacheka. "Mswahili wangu, la kwangu stata yake ni mlima huu."

Maana yake ni kwamba asubuhi huliachia breki, likashika kasi, akatia gea, na injini ikawaka. Miaka miwili alikuwa akifanya hivyo, akaona ni kawaida ya nchi ya baridi. Kisha akanieleza, bila kucheka tena, habari ya usiku mmoja. Lori la mbao lilikuwa limechukua mahali pake pale mtelemkoni, naye akaegesha pikapu chini kwenye kishimo, pua ikitazama juu na nyuma yake ukuta wa zizi. Saa saba za usiku akagongewa mlango: mke wa kijana wa jirani ameshikwa na uchungu. Stata ikazunguka, ikazunguka, mpaka betri ikachoka. Injini haikutoa hata kikohozi. Wanaume sita wakambeba mama yule juu ya kitanda hadi barabara kuu, na hapo wakapata lori la maziwa. Alijifungua mara tu alipofika hospitali, naye na mwanawe wakawa salama. Lakini mzee tangu usiku ule hakuliamini tena gari lake. Alikuwa amenunua betri mpya, haikusaidia. Fundi mmoja wa mjini akamwambia pampu kuu ya dizeli imekufa, na siku nilipofika mzee alikuwa akichagua ni mtamba gani auze.

Hapo ndipo alipoletwa kijana mmoja fundi wa kijijini. Nilitazamia atafungua boneti na kutoa spana. Hakufanya hivyo. Alimwamkia mzee kwa adabu, akaketi juu ya jiwe, akaanza kuuliza kama tabibu. Gari hugoma baada ya kulala saa ngapi? Likisha kuwaka na kuzimwa, huwaka upesi? Hugoma siku za mvua tu, au hata siku kavu? Stata huzunguka kwa nguvu au kwa uvivu? Na likilala limeinua pua, huwaje? Likilala limeinamisha pua, huwaje?

Katika maswali yale mna elimu nzima, na napenda niwapitishe wasomaji humo polepole.

La kwanza ni sauti. Ukigeuza ufunguo ukasikia "tik, tik" tu, au stata ikazunguka kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, shauri ni la umeme. Washa taa za mbele kisha ujaribu kuwasha. Taa zikififia hata kuzimika, betri ni dhaifu au vichwa vyake vimeshika kutu. Taa zikibaki kali na stata ikanyamaza, itazame stata yenyewe na nyaya zake, pamoja na ule wa kwenda kwenye bodi. Mwenye meta apime betri iliyopumzika usiku kucha: volti 12.6 imejaa, 12.2 ni kiasi cha nusu, chini ya 12 ni kama mtungi mtupu. Injini ikiunguruma, meta yapasa kuonyesha baina ya 13.8 na 14.5 hivi, ikiwa chini ya hapo, alteneta haiijazi betri.

Huenda betri ikawa nzima na alteneta nzima, na bado gari likagoma kila baada ya siku nne tano. Hapo pana mwizi. Bandu bandu huisha gogo. Taa ya buti isiyozimika, redio, au king'ora cha wezi kilichofungwa ovyo, vyote hunywa umeme gari likiwa limelala. Hesabu yake ni nyepesi. Betri ya ampia 60 kwa saa, ikinywewa nusu ampia tu, hupoteza 12 kwa siku, na siku ya tano imekauka. Fundi hutia meta baina ya kichwa cha hasi na waya wake, milango yote ikiwa imefungwa na gari limetulia. Ikisoma zaidi ya sehemu 50 katika 1,000 za ampia, huanza kung'oa fyuzi mojamoja. Ile itakayoiteremsha meta ndiyo ya nyumba ya mwizi.

La pili ni mafuta. Ikiwa stata inazunguka kwa nguvu lakini injini yachukua muda mrefu kushika, na mchana kutwa baada ya hapo huwaka kwa mguso mmoja, basi mafuta yamerudi nyuma usiku. Katika magari ya zamani yenye kabureta, petroli iliyo ndani ya kabureta hukauka gari likikaa siku nyingi, na pampu hutaka muda kuijaza tena. Katika magari ya injekta, jaribio lake halina gharama: geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, usipige stata, ngoja nukta tatu, zima. Fanya mara tatu, kisha uwashe. Likishika papo hapo, jua kwamba nguvu ya mafuta ilikuwa imevuja. Huenda ni kizuizi kilicho ndani ya pampu, huenda ni injekta idondokayo. Moshi mweusi na harufu kali ya petroli mara linapowaka hutia nguvu shaka ya injekta.

Dizeli ina mambo yake. Haina cheche, huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na hewa nyepesi na baridi ya Boito huchelewa kupata joto. Kwa hiyo plagi za kupasha moto zikifa, stata huzunguka, moshi mweupe hutoka, na injini haishiki mpaka jua lipande. Lakini ikiwa hakuna moshi wowote, maana yake dizeli haifiki. Hewa imeingia mahali ikaivunja njia.

La tatu ni umande. Gari la petroli linalogoma siku za ukungu na mvua tu, na siku kavu likawa halina neno, huwa na ufa katika kifuniko cha kugawia cheche au nyaya za plagi zilizochakaa. Fungua boneti gizani, mwenzio apige stata, nawe tazama bila kugusa: ukiona vicheche vya buluu vikitambaa juu ya nyaya, umempata mgonjwa. Kitambaa kikavu kitakufikisha safari ya leo. Nyaya mpya zitakufikisha ya kesho.

Narudi kwa pikapu ya mzee. Stata ilizunguka vizuri, basi betri haikuwa na kosa. Moshi haukutoka, basi dizeli haikufika. Na likiwa limeinamisha pua huwaka, likiinua pua hugoma. Kijana akatabasamu. "Mzee," alisema, "tangi liko nyuma. Ukiinua pua, injini iko juu ya tangi. Pakiwa na tundu dogo hewa huingia na mafuta yote hurudi tangini. Ukiinamisha pua, tangi liko juu, mafuta hayana pa kwenda."

Jioni ile akaliegesha limeinamisha pua, akapangusa mipira yote ya mafuta ikawa mikavu. Asubuhi tukaenda naye. Mpira mmoja mfupi karibu na filta ulikuwa na jasho la dizeli, vumbi limegandamana juu yake. Ulikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Akaubadilisha, akatoa hewa kwa ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, na usiku ule tukalilaza gari pale pale kishimoni, pua juu. Alfajiri mzee akageuza ufunguo, likawaka mara moja. Bei ya mpira ule haikufika bei ya kuku. Mtamba akabaki zizini.

Jambo lililonikaa moyoni ni hili: desturi ya kuegesha mteremkoni, iliyoonekana kuwa ni werevu, ndiyo iliyoficha ugonjwa miaka miwili. Kila asubuhi mlima ulikuwa ukijibu badala ya injini. Zamani, kabla ya mwaka 1912 ambapo magari ya Cadillac yalianza kutiwa stata ya umeme, dereva aliwasha gari kwa handeli, na mkono wake ulimwambia injini imelala vipi. Siku hizi mkono haujui kitu. Yabaki masikio na akili.

Na sisi wa pwani tusijione tumesalimika kwa kuwa hatuna baridi. Joto letu ndilo liuwalo betri. Hukausha maji yake na kuozesha sahani zake kwa ndani, na chumvi ya bahari hula vichwa vyake kwa nje. Ila injini yenye joto huwaka kwa nguvu kidogo, hivyo hatujui kuwa betri imekwisha. Mtu akapanda nayo bara kwa arusi au kumtazama jamaa, akalala usiku mmoja mlimani, asubuhi akasema baridi imemuulia betri. Baridi haikuua, imetangaza msiba uliotokea Mombasa.

Ikibidi kuazima umeme kwa gari la jirani, unganisha chanya kwa chanya, kisha hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho uibane kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwani hutoa gesi iwakayo. Wala usipige stata zaidi ya nukta kumi mfululizo. Ipumzishe nusu dakika.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kutupa pampu au betri ya zamani kwa sababu dukani kuna mpya, chukua karatasi uandike mambo manne kwa siku chache: gari lilikaa saa ngapi, lililala limeinamia wapi, usiku ulikuwa mkavu au wa mvua, na stata ilitoa sauti gani. Aliye na gari pekee mtaani ana amana ya watu mikononi mwake. Mgonjwa wa saa saba za usiku atamgongea yeye. Mpe fundi karatasi hiyo kabla hajashika spana. Aijuaye kazi yake ataisoma kwanza, na asiyetaka kuisoma, tafuta mwingine.