Kabati la Programu la Cambridge

Wanangu, mnapofungua kompyuta leo, mnatumia kazi ya watu wengi ambao hamtawaona kamwe. Nitawasimulia kuhusu chuo kimoja ambako desturi hiyo ya kuachiana kazi ilikomaa mapema.

Mwaka 1937, Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilianzisha Maabara ya Hisabati. Siku hizo mwanasayansi mwenye hesabu ndefu alikaa mezani akizungusha mpini wa mashine ndogo, akiandika jibu moja baada ya jingine. Maabara ilikusudiwa kuwapunguzia watu kama hao mzigo, lakini Vita Kuu ya Pili ikakatiza mipango.

Vita vilipokwisha, Maurice Wilkes akaiongoza maabara hiyo. Mwezi Mei 1946 mgeni mmoja, Leslie Comrie, alimwazima ripoti ya John von Neumann kutoka Marekani, kwa usiku mmoja tu. Ilieleza mashine inayohifadhi amri zake pamoja na namba katika kumbukumbu moja. Hapakuwa na mashine ya kutoa nakala, basi Wilkes akakesha akiisoma. Miezi michache baadaye alikwenda Philadelphia kusikiliza mihadhara juu ya mashine hizo, na akiwa melini kurudi nyumbani alikwisha anza kuchora ya kwake. Akaiita EDSAC.

Ilijaza chumba, ikiwa na vali za kioo zipatazo 3,000. Kumbukumbu yake ilikuwa mabomba yaliyojaa zebaki. Namba ziligeuzwa kuwa mawimbi ya sauti, yakapita ndani ya zebaki, yakapokelewa upande wa pili na kurushwa tena mwanzo, bila kukoma. Ni kama mtoto aliyetumwa dukani, anayerudia njia nzima “sukari, chumvi, majani ya chai” asije akasahau. Tarehe 6 Mei 1949 EDSAC ilifanya hesabu yake ya kwanza: ilichapa vipeo vya pili vya namba kuanzia 0 hadi 99.

Wilkes hakuifungia mashine hiyo ndani. Aliwakaribisha wanafizikia, wanabiolojia na wanahesabu wa chuo waje na maswali yao, na kila mmoja alitoboa programu yake kwenye utepe wa karatasi. Hapo tatizo likajitokeza: programu zilijaa makosa, na kila mtu alikuwa akianza upya kuandika mambo yaleyale, kama kutafuta kipeuo au kuchapa namba.

Kijana David Wheeler akapata njia. Aliandika programu ndogo ambazo programu kubwa ingeweza kuziita, zikafanya kazi yake, kisha zikairudisha pale ilipoachia. Tepe za programu hizo ndogo zilihifadhiwa katika kabati lenye droo ndogondogo. Ukihitaji programu ya kipeuo, ulitafuta droo yake, ukanakili utepe, ukaendelea na swali lako. Kufikia 1951 kabati lilikuwa na programu 87, na mwaka huohuo Wilkes, Wheeler na Stanley Gill wakachapisha kitabu kuwafundisha watu wa mbali njia hiyo.

Matunda yake yalionekana. John Kendrew aliitumia EDSAC katika hesabu za kutafuta umbo la mayoglobini, protini ya misuli, na mwaka 1962 akashiriki Tuzo ya Nobel ya kemia na Max Perutz. Mwaka 1953 maabara ilianza kufundisha stashahada ya kompyuta, miongoni mwa za kwanza duniani. Mwaka 1970 ikabadili jina, ikawa Maabara ya Kompyuta.

Miaka mingi baadaye, Eben Upton na wenzake wa hapohapo waliona kwamba vijana waliokuja kuomba nafasi ya masomo walikuwa na uzoefu mdogo wa kuandika programu kuliko waliowatangulia. Wakabuni kompyuta ndogo ya bei nafuu, Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ili mtoto awe na mashine ya kujifunzia.

Wheeler alisema kwamba programu ikishaandikwa na kujaribiwa, bado imebaki kazi ambayo huenda ndiyo ngumu zaidi: kuandika maelezo yatakayomwezesha mtu mwingine kuitumia. Nanyi mkiandika programu yenu ya kwanza, iwe ya kujumlisha alama za darasa tu, msiiache kabla ya kuifanya kazi hiyo. Bila maelezo hayo, atakayekuja baada yenu atalazimika kuanza upya.