UPWEKE NAO UNAUMIZA: TUMPE MZEE NDUGU

Ndugu msomaji, mwezi huu hatuzungumzii malaria wala shinikizo la damu. Tunazungumzia maumivu yasiyoonekana kwa darubini wala kwa picha ya eksirei, yaani upweke wa mtu aliyestaafu na kufiwa. Mfano wetu tumeupata katika filamu ya Marekani iitwayo About Schmidt, iliyotolewa mwaka 2002 na kuongozwa na Alexander Payne. Ni filamu ya kuchekesha, lakini sisi wauguzi tulipoiangalia tulimaliza tukipangusa machozi.

Bwana Schmidt ni nani?

Warren Schmidt, anayeigizwa na Jack Nicholson, ana umri wa miaka 66. Anaishi Omaha, katika jimbo la Nebraska, na amefanya kazi kwenye kampuni ya bima. Siku yake ya mwisho kazini anakaa kimya akitazama saa ya ukutani mpaka itimie saa 11 jioni. Baadaye anarudi ofisini ili amsaidie kijana aliyeshika nafasi yake, naye anajibiwa kwa adabu kwamba hakuna haja. Akitoka nje anakuta makaratasi yake ya kazi yametupwa pamoja na takataka.

Haupiti muda mrefu, mkewe Helen anaanguka ghafla na kufa kwa damu iliyoganda kwenye ubongo. Walikuwa wameishi pamoja miaka 42. Baada ya mazishi, binti yao wa pekee anarudi kwake Denver, na mzee anabaki peke yake. Haogi. Vyombo vichafu vinarundikana. Analala mbele ya televisheni. Anakwenda dukani na koti juu ya nguo za kulalia. Watazamaji wanacheka, lakini kwa jicho la muuguzi hizo ni dalili.

Safari na barua

Hatimaye anaondoka na gari kubwa lenye kitanda na jiko ndani, kwenda kwenye arusi ya binti yake. Njiani anapita mahali alipozaliwa na kukuta duka la matairi. Huko Denver anaamka shingo imekaza, na mama wa bwana arusi anampa vidonge vikali vya maumivu alivyobakiwa navyo mwenyewe. Mzee anakwenda kwenye mazoezi ya arusi akiwa kama amelewa. Tulicheka sana, ila jambo hilo msiliige: dawa ya mwenzako si dawa yako!

Katika safari yote rafiki yake ni mmoja tu. Kila mwezi anatuma dola 22 kumsaidia mtoto wa miaka sita huku kwetu Tanzania, ambaye katika filamu anaitwa Ndugu Umbo. Anamwandikia barua ndefu kuhusu mkewe na mkwe asiyempenda, kana kwamba anaongea na mzee mwenzake. Sisi tunaojua Kiswahili tunacheka zaidi, maana "Ndugu" si jina tunalowapa watoto. Ni neno tunaloanzia barua. Lakini ndilo hasa alilolihitaji mtu huyu: ndugu.

Mwishoni anarudi nyumbani akiamini maisha yake hayakumfaa mtu yeyote. Anakuta barua ya mtawa mmoja kutoka kijiji karibu na Mbeya. Mtoto hajui kusoma wala kuandika. Aliugua macho, sasa anaendelea vizuri. Amemchorea picha ya mtu mzima na mtoto wameshikana mikono. Mzee analia.

Na huku kwetu?

Tusiseme upweke ni wa Wazungu. Wodini tunawapokea wagane na wajane wanaolalamika tumbo, mgongo na kukosa usingizi, na vipimo havionyeshi kitu. Ukikaa kando ya kitanda dakika kumi, wanaanza kusimulia habari za marehemu. Watoto wanatuma fedha kwa simu, lakini ugali analiwa na mtu mmoja. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume maalumu kushughulikia jambo hili, kwa kuwa upweke wa muda mrefu unadhuru moyo, ubongo na akili.

Tufanye nini?

1. Tusiondoke wote baada ya matanga. Tupange zamu ya kumtembelea, hasa miezi ya kwanza.

2. Tuangalie dalili: kutooga, kukonda, kukosa usingizi, kuanza kunywa pombe kupita kiasi, kukataa wageni.

3. Tumpe kazi anayoiweza. Ashauri, ahesabu, afundishe wajukuu. Mzee anayehitajiwa ana sababu ya kuamka.

4. Tumwache amtaje marehemu. Tusimwambie "sahau".

5. Akisema amechoka kuishi, tusidhani ni utani. Asiachwe peke yake, na aletwe hospitali siku hiyohiyo.

Filamu hii ni ya watu wazima, ina maneno makali na sehemu fupi ya utupu, kwa hiyo watoto walale kwanza.

Mtoto wa Mbeya hakuwa na fedha wala dawa ya kumpelekea mzee yule. Alituma karatasi moja yenye watu wawili walioshikana mikono. Ndugu msomaji, yule mzee jirani yako, leo jioni anakula na nani?