SOMO LA LEO: KUPASULIWA TAYA



Uvimbe wa taya huweza kukua polepole bila maumivu. Usingoje. Nenda hospitali ya Babati upimwe. Wengine hudhani dawa yake ni India tu. Sivyo. Muhimbili, Dar es Salaam, wako mabingwa wa kupasua taya. Waulize kwanza.

Ukiambiwa uende ng'ambo, hesabu nauli, pasi, malazi na msindikizaji, tena safari ya pili ya kuchunguzwa. Uliza na hatari zake: kutoka damu, kidonda kutunga usaha, mdomo kufa ganzi, uvimbe kurudi. Mfupa uliokatwa huunga kwa wiki 6 hivi. Utakunywa uji na mtori.

Usiuze ng'ombe kabla hujapata majibu hayo.

Kwaherini.