Je, Wajua? Mwalimu wa Kiingereza, Kutoka Tukuyu Hadi Tokyo

Je, wajua kwamba benchi ni benchi pale Mwanjelwa, Mbeya, na ni benchi vilevile kule Tokyo? Wajapani waliliazima neno la Kiingereza "bench" wakalitia irabu mwishoni, nasi tukalitia irabu hiyohiyo. Basi letu kwao ni "basu". Hoteli ni "hoteru", ofisi ni "ofisu", blanketi ni "buranketto", keki ni "keeki". Watu wanaoishi mbali kiasi hicho wamelichonga neno la mgeni kwa patasi moja.

Je, wajua sababu? Kiswahili na Kijapani ni lugha za silabi wazi. Karibu kila silabi hukomea kwenye irabu. Kiingereza hakina sharti hilo. Neno "strike" kwa Mwingereza ni pigo moja la sauti. Mjapani akiliazima linakuwa mapigo 5: su-to-ra-i-ku. Sasa msikilize mtoto wa darasa la tatu wilayani Rungwe anaposoma "street" kwa mara ya kwanza. Atapachika irabu kati ya konsonanti na konsonanti, kisha atamalizia na nyingine mwishoni. Mtoto huyo si mzito wa ulimi. Anafuata kanuni ya lugha yake, na anaifuata sawasawa. Mwalimu asiyelijua jambo hili atamrudisha kwenye dawati akidhani hajajiandaa. Mwalimu anayelijua atamwambia apige kofi moja tu kwa neno zima, wajaribu tena pamoja, mpaka sauti na kofi vikutane.

Je, wajua kwamba Kijapani hakitenganishi r na l? Kina sauti moja iliyo katikati ya hizo mbili. Kinyakyusa nacho kina l ya asili, na r yake huja na maneno ya kuazima. Ndiyo maana jozi maarufu ya walimu wa Kiingereza nchini Japani, "rice" na "lice", inafaa sana huku kwetu. La kwanza ni mchele, la pili ni chawa. Katika mkoa wa Mbeya, unaojivunia mchele wa Kyela, hakuna mwanafunzi atakayeisahau tofauti hiyo akishaelezwa mara moja.

Zoezi lenyewe halina gharama. Mwalimu anasimama nyuma ya darasa ili midomo yake isionekane. Anatamka neno moja kati ya mawili. Wanaosikia r wananyoosha mkono wa kulia, wanaosikia l wa kushoto. Sikio linafundishwa kabla ya ulimi, na darasa la watoto 80 linaweza kulifanya kwa dakika 5 bila karatasi wala kipande cha chaki. Nimeona warsha za siku tatu ambazo hazikumwachia mwalimu kitu chenye manufaa ya dakika 5 hizo.

Je, wajua kwamba mvua ni adui wa somo la matamshi? Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Ikianza kupiga bati, hata mwalimu mwenye sauti ya mhubiri hasikiki dawati la tatu. Walimu wazoefu wa huko huweka andalio la pili tayari: kusoma kimya, au kuandika wawili wawili. Ujuzi wa namna hii hauandikwi kwenye kitabu cha kiada. Unapatikana kwa mwenzako wa chumba cha pili.

Je, wajua kwamba Tanzania ina mpango wa taifa unaotaka ujuzi huo upitishwe kutoka mwalimu hadi mwalimu? Unaitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo mwandalizi wa moduli zake. Kiini chake ni JzU, Jumuiya za Ujifunzaji: walimu wa shule moja wanakaa pamoja, wanachagua mada inayowasumbua darasani, wanaijadili, wanakwenda kuijaribu, wanarudi kuelezana. Juu ya shule kuna Kituo cha Walimu, ambako walimu wa shule za jirani hukutana.

Nasema wazi: huu ndio mpango sahihi kwa mikoa ya milima. Mwalimu wa Mufindi ndani au wa Busokelo hawezi kila mara kupanda gari hadi mjini kwa ajili ya semina. Inampasa kutafuta nauli, kuomba ruhusa, na kuliacha darasa lake bila mtu.

Je, wajua kwamba Wajapani wana jina la mkutano kama huo wa JzU, na wameutumia tangu enzi ya Meiji, katika karne ya 19? Wanauita "jugyo kenkyu". "Jugyo" ni somo, "kenkyu" ni utafiti. Walimu kadhaa wanaandaa somo moja pamoja, pengine kwa majuma kadhaa. Mmoja wao analifundisha. Wengine wanasimama pembeni na daftari, na hawamwangalii mwalimu sana, wanawaangalia watoto: nani alitulia, nani aliandika jibu kisha akalifuta, nani alinakili kwa jirani. Baadaye wanakaa na kulichambua somo. Kinachochambuliwa ni somo walilolitengeneza wote, hivyo aliyefundisha hasimami kizimbani peke yake.

Hapo ndipo pana kazi kwetu. Wengi tumezoea kwamba mtu akiingia nyuma ya darasa na daftari, basi ni mthibiti ubora au mwalimu mkuu, na kuna kosa linatafutwa. Mwalimu anafunga vifungo vya shati, watoto wanaambiwa wakae wima, na somo linalofundishwa siku hiyo si lile la kila siku. Mpaka hofu hiyo itoke, JzU itabaki kuwa kikao cha kusaini mahudhurio.

Je, wajua kwamba mbinu hiyo ya Kijapani imekwisha kufika Afrika Mashariki, lakini iliingilia mlango wa sayansi? Nchini Kenya mradi wa SMASSE ulianza mwaka 1998 kwa msaada wa shirika la Japani, JICA, katika wilaya 9, ukawa wa nchi nzima mwaka 2003. Ulihusu hisabati na sayansi za sekondari, na kituo chake, CEMASTEA, kipo Karen, Nairobi. Walimu kutoka nchi nyingine za Afrika walikwenda huko kujifunza. Kiingereza hakikuwamo. Wala Wajapani wa kujitolea si wageni Tanzania: wa kwanza walifika mwaka 1967, na wengi waliofundisha katika shule zetu wamefundisha hisabati na sayansi.

Je, wajua kwamba Japani yenyewe ilijaribu njia ya kozi za lazima ikaiacha? Kuanzia mwaka 2009 mwalimu wa huko alitakiwa kuhuisha leseni yake kila baada ya miaka 10, kwa kuhudhuria mafunzo ya angalau saa 30. Walimu walilalamika kwamba wanakatwa muda wa kazi kwa mihadhara isiyogusa madarasa yao. Mwezi Julai mwaka 2022 utaratibu huo ulifutwa.

Je, wajua kwamba Kiingereza kilifanywa somo rasmi katika shule za msingi za Japani mwaka 2020 tu, kwa darasa la tano na la sita? Maelfu ya walimu wa huko, waliozoea kufundisha kila somo kwa Kijapani, ghafla walitakiwa kusimama mbele ya watoto na kuzungumza lugha waliyoiacha shuleni. Mwalimu wa Iringa anaielewa hali hiyo bila kuelezwa. Mtaala wa mwaka 2015 ulikianzisha Kiingereza darasa la tatu katika shule zetu za msingi za serikali. Mtaala mpya, ulioanza kutumika Januari 2024, umekirudisha darasa la kwanza. Mwalimu wa darasa la kwanza, aliyebobea katika kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, naye amekuwa mwalimu wa Kiingereza.

Lakini tofauti moja ni kubwa, na isipitwe haraka. Nchini Japani Kiingereza ni somo. Ukilifeli, historia na kemia bado utazisoma kwa lugha yako. Kwetu, mtoto akivuka kutoka darasa la saba kwenda kidato cha kwanza, lugha ya masomo karibu yote inageuka kwa siku moja. Kwa hiyo mwalimu wa jiografia wa kidato cha kwanza ni mwalimu wa Kiingereza, apende asipende, na mwalimu wa baiolojia vilevile. Warsha za Kiingereza huita walimu wa Kiingereza peke yao. Ningekuwa na sauti, kila JzU ya sekondari ingeanza na mwalimu wa Kiingereza akimsaidia wa fizikia kutafuta njia nyepesi ya kueleza "friction" kwa mtoto aliyetoka Isimani mwezi uliopita.

Je, wajua kwamba tatizo hilo lilipimwa zaidi ya miaka 40 iliyopita? Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, walitoa ripoti kuhusu Kiingereza katika elimu ya Tanzania. Waliona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuweza kusoma vitabu vya masomo waliyokuwa wakifundishwa. Mwaka 1987 ukaanzishwa mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, na dawa yake kuu ilikuwa vitabu vya hadithi: vyembamba, vyenye Kiingereza chepesi, vilivyopangwa kwa ngazi. Pamoja navyo walimu walifundishwa namna ya kuendesha maktaba ndogo ya darasa.

Je, wajua kwamba Wajapani nao wameikubali dawa hiyohiyo? Wanaiita "tadoku", kusoma kwa wingi. Masharti yake ni mepesi. Anza na kitabu rahisi kabisa, bila kamusi. Usichokielewa kiruke. Kitabu kikikuchosha, kirudishe uchukue kingine. Wapo watu wazima huko wanaoanza na vitabu vya watoto wa chekechea na hawaoni haya.

Je, wajua kuhusu Fiji? Mwaka 1983 Warwick Elley na Francis Mangubhai walichapisha matokeo ya jaribio katika shule za msingi za vijijini. Madarasa yalipewa vitabu 250 vya hadithi kwa Kiingereza. Baada ya miezi 8, maendeleo ya watoto hao katika kusoma yalikuwa takribani mara mbili ya wenzao waliofundishwa kama kawaida. Hakukuwa na mashine wala maabara ya lugha. Vitabu, na mwalimu aliyeoneshwa namna ya kuvigawa na kuvisoma pamoja na watoto. Kwangu hili ndilo jambo la kwanza la kuuliza katika warsha yoyote: baada ya mafunzo, watoto watasoma nini?

Je, wajua kwamba Iringa ina historia ndefu ya majaribio ya elimu? Shule ya Malangali, Mufindi, ilifunguliwa mwaka 1928 chini ya Bryant Mumford, aliyetaka shule ijengwe juu ya desturi za wenyeji, na wazee wa jadi waliitwa kuwafundisha vijana.

Mkoa huo una vyuo vya walimu pia. Chuo cha Ualimu Kleruu kimebeba jina la Dkt. Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa aliyeuawa siku ya Krismasi mwaka 1971. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilianza mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa upande wa Mbeya kuna Chuo cha Ualimu Mpuguso kule Rungwe, Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji cha Kanisa la Moravian, na kampasi ya ADEM inayonoa viongozi wa shule. Vyuo hivi viko karibu na shule za kata. Mhadhiri wa Mkwawa anaweza kutoka asubuhi, akakaa nyuma ya darasa Kalenga, akarudi kabla ya chakula cha mchana.

Je, wajua kwamba mafunzo ya mwalimu akiwa kazini si jambo jipya nchini? Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, elimu ya msingi kwa wote ilihitaji walimu ambao hawakuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa huko huko vijijini: saa kadhaa wakifundisha watoto, saa kadhaa wakifundishwa wao, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi. Wengi tuliosoma shule za msingi miaka ya 1980 tulishikwa mkono na walimu hao. Nawaheshimu sana. Walijifunza kazi mbele ya watu, na hawakuwa na bango kitita wala kalamu rashasha.

Mimi nilipokuwa mwalimu kijana nilihudhuria semina moja ya Kiingereza mjini. Ilikuwa ya siku tatu. Tulijaza mabango kitita kwa rangi nne, tukapiga picha ya pamoja. Niliporudi darasani nilikuta watoto wangu wale wale, vitabu vile vile, na hakuna aliyeniuliza nimejaribu nini. Baada ya mwezi sikukumbuka mada ya siku ya pili. Ninachokikumbuka mpaka leo ni mama mmoja, mwalimu wa darasa la pili, aliyenionesha wakati wa chai namna ya kufundisha "this" na "that" kwa kutumia kikombe kilicho mkononi mwake na cha mtu aliyekaa meza ya mbali.

Je, wajua kwamba nchi zote mbili zina vyama vya walimu wa lugha? Japani ina JALT, kilichoanzishwa miaka ya 1970. Tanzania ina TELTA, chama cha walimu wa Kiingereza. Mwalimu wa kijijini anaweza kujiunga kama wa mjini.

Na wewe, mwalimu unayesoma hapa ukisubiri kengele: kama JzU ya shule yako haijakaa tangu muhula uanze, usisubiri barua. Wiki hii mwalike mwenzako mmoja aketi nyuma ya darasa lako kwa kipindi kimoja. Mwambie asikuangalie wewe, awaangalie watoto, kisha mkae naye dakika 10 akueleze alichokiona.